Nafuu Kidogo ya Mzee Nahashon

Jumapili, 3 Agosti

Leo nimesimama mbele ya kwaya nikiwa na fimbo mkononi. Fimbo ya Mzee Nahashon, ile nyembamba aliyoichonga mwenyewe alipostaafu kazi ya reli. Imenikaa vizuri. Nilikuwa nimeijaribu mbele ya kioo asubuhi yote, hadi Jecinta, mke wangu, akaomba kioo.

Kwa kumbukumbu, maana huenda shajara hii ikasomwa siku moja na watu wa maana: Mzee Nahashon Ooko amekuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu hapa Huruma tangu kabla sijaota ndevu. Mwezi uliopita alianguka katikati ya mazoezi. Kiharusi. Hospitali ilimtibu ikamruhusu, na sasa anakaa kwa binti yake Apondi, Mukuru kwa Njenga. Mkono wa kulia umelala. Maneno yamempotea. Ndipo Mchungaji akatangaza kwamba mimi, Bedan Irungu, mwimbaji wa tenori, nitashika fimbo hadi Mzee atakapopona.

Niliisikiliza sana sentensi hiyo. Hakusema hadi Septemba. Hakusema hadi baada ya mashindano. Alisema hadi atakapopona.

Na kwa kuwa nafanya kazi katika ghala la rangi Industrial Area, karibu na Mukuru, nilipewa pia kazi ya kuliletea kanisa habari za mgonjwa. Yaani mtu mmoja ameshika fimbo, na mtu huyo huyo ameshika habari za mwenye fimbo. Sikuomba. Mungu ana njia zake.

Taarifa yangu ya kwanza niliisoma baada ya sadaka. Mzee Nahashon amepata nafuu kidogo. Madaktari wameshauri asitembelewe. Kanisa likasema amina. Madaktari hawakushauri hivyo, lakini ni ushauri wanaopenda kuutoa. Nimewapunguzia kazi.

Njiani kurudi Jecinta alisema naongoza kama mtu anayefukuza nzi. Hajasomea muziki. Hata mimi sijasomea, lakini hilo si hoja.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepitia Mukuru baada ya kazi. Nilimkuta Mzee ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu. Nikamsalimu. Akafungua mdomo, akapambana, akasema, "Kesho."

Apondi akanieleza kuwa neno lililobaki ni hilo moja. Ukimuuliza amelalaje, kesho. Ukimuuliza anataka chai, kesho. Ukimkanyaga, kesho. Apondi hushona nguo katika kiwanda jirani. Hurudi mchana kumpa chakula kisha akakimbia tena, na usoni anaonekana mtu aliyechoka kweli. Aliniletea ugali na samaki. Nilikula kwa heshima ya nyumba.

Habari alizonipa zilinitia wasiwasi. Mzee anakwenda mwenyewe hadi kwenye bomba la maji na kurudi. Anakula kwa mkono wa kushoto bila kumwaga. Tena kila Jumapili anavaa koti lake la kwaya, anaketi pale mlangoni akitazama kichochoro, mpaka jua linapopinda. Ndipo analivua.

Niliandika akilini: anaweza kuvaa koti. Hatari.

Apondi akauliza kama wanakwaya watakuja siku moja. Nikamwambia wana mazoezi mazito ya mashindano, lakini wanamsalimu sana. Ni kweli. Wangemsalimu kama wangeulizwa.

Mashindano yenyewe ni Jumapili ya tarehe 17, kwaya za makanisa ya Eastlands, katika ukumbi wa Kariobangi. Kuna karatasi ya ratiba itakayochapishwa, na kila mwalimu wa kwaya atawekewa picha na jina. Picha yangu tayari ninayo. Nimetazama pembeni kidogo, kama mtu anayesikia sauti ambayo wengine bado hawajaisikia.

Alhamisi, 7 Agosti

Mazoezi. Zamani mabenchi yalikuwa yakijaa hadi watu wanasimama. Leo kulikuwa na nafasi ya kila mtu na mkoba wake. Alto walikuwa wachache hivi kwamba nilipowaita waanze, walitazamana.

Frankline akasema mbele ya watu kwamba kwaya imedidimia. Frankline anaimba besi na anafundisha Kiswahili shule ya upili, mambo mawili ambayo hayapaswi kuwekwa katika mtu mmoja. Nikamsahihisha kwa upole. Nikamwambia kwaya haijadidimia, imo katika kipindi cha kuimarika. Akasema kitu hakiwezi kuimarika kabla mtu hajakubali kwamba kilidhoofika. Nikamwambia Kiswahili ni cha wote.

Hapo akauliza kuhusu Mzee. Nafuu, alisema, ni neno la kulinganisha. Je, ni nafuu kuliko lini? Kuliko siku alipoanguka, au kuliko juzi? Nikamjibu kuliko siku nyingine. Akaandika kitu kwenye simu yake.

Rispa naye akataka kumpelekea Mzee uji wa wimbi. Rispa ni kiongozi wa soprano, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, soko la Kariobangi, na sauti yake huvuka mto Mathare ikarudi na majibu. Si mtu wa kukatazwa hivi hivi. Nikamwambia madaktari wamekataza wimbi. Akauliza na mahindi je? Nikasema hata mahindi. Akasema ameuguza watu wengi na hajasikia ugonjwa unaokataa uji.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya kufikiri. Jecinta amefua, mimi nimefikiri.

Tatizo ni hili. Nikitangaza nafuu kila Jumapili, na kila Jumapili nafuu ikawa kubwa kuliko iliyotangulia, nitafika kwenye kupona kabla ya mashindano. Kuna nafuu kidogo. Kuna nafuu yenyewe. Kuna ahueni. Kisha kuimarika, na baada ya hapo nyuma yangu ni ukuta.

Saa ya chai ndipo nikapata ufunguo. Neno "dalili". Kila neno la kupona linaweza kutanguliwa na dalili, na mtu akawa hajapona bado. Dalili za ahueni. Dalili za awali za kuimarika. Mgonjwa anaweza kukaa kwenye dalili hata mwaka mzima, na hakuna atakayesema nimedanganya. Lugha yetu ni tajiri. Tatizo ni kwamba wengi hawaitumii.

Nilimweleza Jecinta kwa ufupi. Alikuwa anaanika shuka. Akaniuliza kama Mzee mwenyewe anajua anaumwa kiasi gani. Nikamwambia mgonjwa huwa wa mwisho kujua.

Jumapili, 10 Agosti

Nilisoma taarifa kwa sauti ya kina: Mzee Nahashon ameanza kuonyesha dalili za ahueni.

Nilitarajia amina ya kawaida. Badala yake Mchungaji aliinuka, akanyoosha mikono, akasema Mungu ni mwema, kwamba wiki iliyopita ilikuwa nafuu na leo ni ahueni, na kwa mwendo huu haoni kwa nini Mzee asije mwenyewe kutuongoza siku ya mashindano. Watu wakapiga makofi. Wengine wakasimama. Rispa akapiga kigelegele ambacho bado kinanilia masikioni.

Hakulisikia neno "dalili". Hakuna aliyelisikia, isipokuwa Frankline. Huyo alinifuata nje akaniuliza, kwa ile adabu yake ya walimu, imekuwaje mtu aliyekuwa na nafuu Jumapili iliyopita leo awe na dalili tu. Je, amepanda au ameshuka? Nikamwambia amekwenda kando.

Chakula cha mchana hakikupita vizuri.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimelipata. Ghalani, nikipanga makopo ya rangi ya maziwa.

Kosa langu ni kwamba nimempandisha tu. Hakuna mtu anayepanda tu. Ili mtu apate nafuu nyingine, lazima kwanza ashuke kidogo apate mahali pa kupandia. Simwombei mabaya. Ni kumpa nafasi.

Neno lenyewe lilinichukua mapumziko yote ya mchana. "Kuzidiwa" lilikuwa kali mno. "Kurudi nyuma" ni la watu waliookoka. Nikachagua "kuyumba". Mti huyumba. Matawi huyumba. Hakuna aliyewahi kuzikwa kwa kuyumba.

Nikaandika kwenye kikundi chetu cha WhatsApp: Wapendwa, Mzee Nahashon aliyumba kidogo jana jioni, lakini tayari ameanza kujikwamua. Tuendelee na mazoezi.

Kushuka na kupanda, sentensi moja. Niliisoma mara kadhaa kwa raha. Jecinta naye aliisoma kwenye simu yake, akauliza kama jana jioni nilikuwa Mukuru. Jana jioni nilikuwa nimelala kwenye kochi, naye alikuwa ameniona. Nikamwambia taarifa ina utaratibu wake.

Jumanne, 12 Agosti

Siku mbaya.

Nilisema ameyumba. Rispa, ambaye hakuwa na miwani, alielewa ameanguka. Akawaambia wenzake sokoni ameanguka tena. Wa sokoni wakawaambia wa Mathare amezidiwa. Saa sita kijana mmoja wa tenori aliniandikia: Niaje, ati buda ashaenda? Yaani Mzee ameshakufa. Kufikia saa tisa mama mmoja wa alto alinipigia kuuliza kama mwili utapelekwa kwao Siaya au utazikwa huku, kwa sababu anahitaji kuomba ruhusa kazini.

Ilibidi nirekebishe. Lakini kwa neno gani? Nikisema hajambo, ndiyo kupona kwenyewe. Nikaandika: Hali ya Mzee si mbaya kuliko ilivyokuwa.

Sijui ni kwa nini sentensi hiyo iliwafanya watu walie. Ukiitazama vizuri haina ubaya wowote.

Jioni Rispa alinipigia. Hakusalimu. Alitaka namba ya Apondi. Nilimpa, ila kwa haraka tarakimu mbili za mwisho zikabadilishana nafasi. Baadaye akapiga tena kusema amezungumza na fundi wa pikipiki wa Kayole. Nikamwambia mtandao una shida. Akasema basi, hana haja ya simu, ana miguu.

Jumatano, 13 Agosti

Naandika haya nikiwa nimekaa. Sijui nianzie wapi.

Mchana nilikuwa kwenye lango la ghala nikipokea mzigo. Nikaona kundi la wanawake wakija kando ya barabara, kanga zimefungwa viunoni, wamenyamaza. Mbele yao Rispa na sufuria kichwani. Nyuma yao Frankline, amebeba kuku. Ilikuwa likizo ya shule. Nilikuwa nimelisahau hilo.

Nilimwomba msimamizi ruhusa, nikamwambia kuna msiba. Nikakata kwa njia za mkato, nikaruka mtaro, nikafika kwa Apondi kabla yao. Apondi alikuwa amerudi kumpa Mzee chakula. Mzee alikuwa mlangoni anachambua maharagwe kwa mkono wa kushoto, na alikuwa anayachambua vizuri kuliko mimi.

Nilimwomba alale kidogo. Si kwa muda mrefu. Nikamwambia wageni wanakuja, na ni desturi mgonjwa awe kitandani. Alinitazama. Nikamshika kiwiko, akauondoa mkono wangu. Aliposikia neno wageni aliinuka peke yake, akaingia ndani. Nikashukuru. Akatoka amevaa koti la kwaya, na vifungo amevifunga vyote.

Walipokata kona walimkuta amesimama wima.

Rispa alitua sufuria. Nilijua alikuwa amekuja na maneno ya faraja, kwa sababu mdomo wake ulikuwa tayari umeumbika. Maneno hayakuwa na kazi tena. Apondi akawaangalia mmoja mmoja, bado ana bakuli mkononi.

"Mmekuwa wapi?" akauliza. "Kila Jumapili anawangoja."

Rispa akasema polepole, "Tuliambiwa haruhusiwi wageni, mwanangu."

"Na nani?"

Wote wakanigeukia. Frankline alinikabidhi kuku, nadhani ili abaki na mikono mitupu. Nikabaki nimemshika.

Mzee alitaka kuwakaribisha. Ilionekana. Alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea kwenye viti na kusema, "Kesho." Akatikisa kichwa kwa hasira, akajaribu tena. "Kesho. Kesho." Machozi yakamtoka. Ndipo wanawake nao wakaanza kulia, si kwa sauti, ila ile ya kufuta uso na ncha ya kanga.

Rispa hajui kulia na kunyamaza pamoja. Akashika wimbo. Ule wa zamani ambao Mzee alitufundisha wote, ambao hata mimi nilifundishwa nikiwa kijana, nikisimama mstari wa nyuma. Alianza chini sana, kama mtu anayebembeleza mtoto. Wengine wakamfuata.

Mzee akaimba.

Aliimba maneno yote. Ubeti wa kwanza, wa pili, hata ule wa tatu ambao sisi huuruka kwa sababu ni mgumu. Hakuna neno lililompotea. Sauti yake ilikwaruza mwanzoni, kisha ikafunguka ikawa ile ile. Mkono wa kushoto ukapanda wenyewe. Walipofika kwenye kiitikio alimnyooshea Frankline kidole na kumshusha, kwa sababu Frankline alikuwa amepandisha sauti mno. Mimi nilikuwa nikimwambia hivyo tangu nishike fimbo. Hakuna aliyenisikiliza.

Apondi aliweka bakuli chini. Alikuwa hajamsikia baba yake akitamka kitu zaidi ya kesho tangu hospitalini. Alijifunika uso kwa aproni.

Walipomaliza, Rispa akafanya jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Badala ya kumuuliza, alimwimbia, kwa sauti ya ule ule wimbo: Mwalimu, umekula? Mzee akakaa kidogo. Kisha akaimba, taratibu, akitafuta: Nimekula samaki. Watu wakacheka huku wanalia. Wakamwimbia kila aina ya swali. Mengine yalimshinda, mengine akayapata.

Kisha Rispa akaimba, bila kunitazama: Irungu huja kukuona?

Mzee alinitazama. Nilitabasamu ili kumsaidia.

"Irungu huja," akaimba, "akala, akaenda."

Besi nzuri kabisa. Kila mtu aliisikia.

Niliomba ruhusa nirudi kazini. Nilipofika langoni nikagundua bado nina kuku. Msimamizi akauliza kama huo ndio msiba.

Ijumaa, 15 Agosti

Kikao cha kwaya. Nilitayarisha maelezo. Sikuyafikia.

Frankline aliwasha simu na kusoma taarifa zangu zote tangu mwanzo, moja baada ya nyingine, kwa sauti anayosomea insha za wanafunzi. Nafuu kidogo. Dalili za ahueni. Ameyumba. Anajikwamua. Si mbaya kuliko ilivyokuwa. Alipomaliza alisema kwamba kisarufi hana la kusahihisha. Nilishukuru. Akasema hakuwa ananisifu.

Rispa hakusema kwa hasira, na ningependa angesema kwa hasira. Alisema tu kwamba mtu anayeumwa hufa mara mbili, mara ya kwanza anapoona watu wake hawaji. Kisha akakaa. Nilitazama viatu vyangu. Mchungaji alitazama viatu vyangu pia.

Uamuzi: habari za wagonjwa zitaletwa na Rispa, kwa miguu yake. Zamu zimepangwa za kwenda Mukuru ili Apondi apumzike. Fimbo inarudi kwa Mzee, ataongoza kwa mkono wa kushoto. Mimi nitamsaidia kupanda na kushuka jukwaani, kwa kuwa nina nguvu na sina kazi nyingine.

Nikasema napokea mabadiliko hayo kama hatua ya mbele. Frankline akakohoa.

Nilipomsimulia Jecinta, alichemsha chai, akaninywesha. Baadaye nikamsikia kwenye ngazi akimwomba Rispa kwa simu amweke kwenye zamu ya Jumatano.

Jumapili, 17 Agosti

Mashindano. Ukumbi wa Kariobangi ulijaa hadi watu wakakalia madirisha.

Karatasi ya ratiba ilikuwa imechapishwa kabla ya kikao. Kwa hiyo picha yangu imo. Kando ya jina, mtu ameandika kwa kalamu: Mzee N. Ooko. Nimetazama pembeni kama nilivyopanga, ila sasa inaonekana kama natazama mtu aliyechukua nafasi yangu.

Nilimpandisha Mzee kwenye jukwaa. Ngazi zilikuwa za mbao na zinacheza. Mabenchi yetu yalikuwa yamejaa. Wale alto waliopotea wote walikuwa wamerudi, hata yule aliyetaka kujua kuhusu Siaya. Mzee aliinua fimbo kwa mkono wa kushoto. Ukumbi ulidhani amekosea, kukawa na minong'ono. Kisha akaanza, na minong'ono ikaisha.

Sitaandika tuliimbaje. Nilikuwa nimesimama pembeni nyuma ya pazia, na mtu akisimama hapo huona mgongo tu. Lakini nitaandika hivi: mkono wa kulia wa Mzee, ule uliolala, ulikuwa unatikisika kidogo kando ya koti lake, ukifuata mapigo. Apondi alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa anautazama mkono huo tu.

Tulishika nafasi ya pili kutoka chini. Mwamuzi alisema kwaya yetu haina mizani, kwamba sauti za wanawake zinawameza wanaume. Rispa alifurahi. Kwaya nzima ilikumbatiana kana kwamba tumeshinda nchi nzima. Nilimweleza Frankline kwamba ukilinganisha na pale tulipokuwa, hiyo ni ahueni kubwa. Kwa mara ya kwanza hakunisahihisha. Alikuwa ananyanyua viti.

Jambo moja zaidi. Nilipokuwa namshusha Mzee, watu walikuwa wananiita nitoke njiani, nami nikaharakisha. Akanishika mkono kwa nguvu. Akasimama kwenye ngazi ya katikati. Akapambana, kama pambano lile la kesho, nikajua kitakachotoka. Lakini hakuimba, na hakusema kesho.

"Polepole," akasema.

Lilikuwa limesemwa kabisa, bila muziki. Nilimwita Apondi. Nilimwita Rispa. Nilimwita kila mtu. Wakamzunguka palepale kwenye ngazi, wakamwomba aseme tena, akasema tena. Apondi alikaa chini kwenye mbao na kulia kama mtoto. Hata mimi macho yaliniwasha. Ukumbi ule una vumbi.

Ningependa iwekwe kwenye kumbukumbu kwamba neno hilo la kwanza aliniambia mimi. Nilipendekeza hivyo kwa Mchungaji. Alisema ataliombea.

Alhamisi, 21 Agosti

Maji yamekatika kwenye jengo letu. Pampu imeungua. Wapangaji walikutana kwenye ngazi asubuhi kwa hasira, mitungi mikononi, wakataka mtu mmoja wa kufuatilia jambo hili na kuwapa habari kila jioni. Mtu anayejua kuandika. Mtu mtulivu. Wa ghorofa zote walinitazama. Hawa hawasali kanisani kwetu.

Jecinta alisema, "La hasha." Alipiga kura peke yake.

Sikuwa na nafasi ya kwenda kuiona pampu. Mlinzi aliniambia tu kwamba haipo, imeng'olewa na kupelekwa kwa fundi, na fundi mwenyewe amesafiri kwenda harusini Nyeri. Lakini watu wamechoka. Huwezi kuwaandikia watu waliochoka mambo kama hayo. Watu wanahitaji neno la kuwapandisha ngazi.

Nimetafuta neno hilo jioni yote, na nimebandika tangazo chini karibu na lango, kwa herufi kubwa, nikalitia sahihi yangu: Pampu imeanza kuonyesha ari ya kufanya kazi.

Nimesimama kando kuona linavyopokewa. Mama wa ghorofa ya tatu amelisoma akatabasamu, akamwambia jirani yake asihangaike kuchota, maji ya bomba yako njiani. Jirani amemwaga mtungi wake kwenye maua.